Uzi maalumu: Mabango ya zamani ya treni za London na Chicago, yaliyouza kila kitu isipokuwa treni

Wino Mweusi (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jukwaa hili lina watu wa reli, lina wachoraji, na lina watu ambao kazi yao ni kubisha tu, kwa hiyo naamini uzi utapata wenyewe.

Nazungumzia mabango ya karatasi yaliyokuwa yakibandikwa kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi za London, hasa kati ya 1908 na Vita vya Pili. Yale ya nenda Kew ukaone maua, nenda Regent's Park ukaone wanyama, panda uende msitu wa Epping Jumapili upunge upepo. Mengi mmeshayaona bila kujua yametoka wapi, maana leo yanachapwa hadi kwenye vikombe vya chai na mifuko ya sokoni. Mimi ni mchapaji hapa Dar. Mteja akiniletea bango lenye picha kumi na mbili, namba sita za simu na maandishi ya dhahabu yenye kivuli, nikishamhudumia huwa nayafungua haya nisafishe macho.

Ila tusianze na uzuri. Tuanze na madeni.

Mmarekani mmoja, Charles Tyson Yerkes, aliyewahi kufungwa Philadelphia kwa mambo ya fedha na baadaye akatajirika kwa tramu na treni za Chicago, alihamia London mwaka 1900 akakusanya mitaji ya kuchimba njia tatu za chini ya ardhi. Alifariki Desemba 1905 hata moja haijafunguliwa. Bakerloo ilianza Machi 1906, Piccadilly Desemba mwaka huo huo, ile ya Hampstead Juni 1907. Mahesabu yalisema Piccadilly pekee ingebeba abiria milioni 60 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ilibeba milioni 26 hivi. Kampuni ikabaki na mahandaki mazuri, umeme, na wadai mlangoni.

Sasa treni ya umeme gharama yake karibu ni ile ile ikiwa imejaa au iko tupu. Asubuhi na jioni ilijaa. Shida ilikuwa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, usiku, na siku za mapumziko. Viti vinatembea vitupu.

Mwaka 1908 kazi ya matangazo akakabidhiwa kijana aliyeitwa Frank Pick, miaka 30, aliyesomea uanasheria, mtu wa takwimu na nauli. Uchoraji haukuwa fani yake. Alichofanya kwanza ni usafi. Stesheni za wakati ule zilikuwa zimebandikwa sabuni, haradali na dawa za kikohozi kutoka sakafuni hadi darini, abiria hata jina la stesheni haoni liko wapi. Pick akayapangia matangazo ya biashara sehemu zake, na jina la stesheni likawekwa mbele ya duara jekundu ili lionekane. Lile duara mnalolijua leo duniani kote lilianzia hapo. Halafu akatenga nafasi za mabango ya kampuni yenyewe, pale mlangoni ambapo mtu anapita akiwa bado hajaamua aende wapi.

Bango la picha la kwanza linalotajwa sana ni la John Hassall, 1908: polisi, wageni wa mjini na ramani ya treni, na maneno kwamba huna haja ya kumuuliza polisi. Linachekesha, ni zuri. Lakini bado linauza treni.

Baada ya hapo ndipo Pick alipopata lile ambalo mimi naliona ndilo darasa zima: usimwonyeshe mtu treni, mwonyeshe anakokwenda. Nani anatamani handaki? Mtu anatamani maua, mto, simba, duka lenye punguzo la bei, mechi. Basi mabango yakajaa hayo, na treni ikabaki jina la stesheni kwa herufi ndogo chini. Kuna mabango ambayo ukikata ule ukanda wa chini huwezi kabisa kujua kwamba ni ya kampuni ya reli.

Nitaendelea na wachoraji. Karibuni.

Kinu cha Mbao

Nimeweka kambi. Endelea mkuu.

Kondakta Mstaafu

Mkuu uzi mtamu, ila umeruka ukurasa mmoja. Mabango hayakuiokoa kampuni ile. Kilichoiokoa ni mabasi. Mwaka 1912 waliinunua kampuni kubwa ya mabasi ya London, LGOC, na faida ya mabasi ndiyo iliyobeba hasara ya mahandaki. Sisi tuliofanya kazi barabarani tunajua, reli inapigwa picha, basi linaleta hela. Tusije tukamfanya Pick mtume.

Wino Mweusi

Mzee wangu, shikamoo. Hapo sibishi, mabasi ndiyo yaliyoleta fedha, na bosi aliyepanga ununuzi ule alikuwa Albert Stanley, sio Pick. Lakini angalia mabasi yalitumikaje baada ya kununuliwa. Yakapelekwa kwenye ncha za reli. Mtu anashuka treni mwisho wa njia, anapanda basi, anafika kijijini penye kilima na kijito. Na huyo mtu alijuaje kwamba kuna kilima? Bango. Kuna moja la 1915, vita vimepamba moto, linasema kwa kejeli: kwa nini uhangaike na Wajerumani kuivamia nchi, ivamie mwenyewe kwa treni na basi. Lipo katikati ya vita! Leo meneja wa mawasiliano angefukuzwa kazi kabla ya saa sita.

Niseme pia Pick hakuishia kwenye mabango. Mwaka 1913 alimwomba Edward Johnston, fundi wa herufi za mkono, abuni mwandiko mmoja wa kampuni nzima. Ulianza kutumika 1916, na wanaoendesha treni za London leo bado wanautumia, umerekebishwa kidogo tu. Kila mteja wangu anayebadilisha mwandiko wa nembo kila Idi na kila Krismasi namsimulia habari hii. Hawanisikii.

Mwanamwema wa Makunduchi

Ahsante ndugu mwenye uzi. Naomba tuambie wachoraji sasa, maana umetuahidi.

Wino Mweusi

Haya dada.

Wa kwanza kwangu ni Edward McKnight Kauffer. Mmarekani, alizaliwa Great Falls, Montana, mwaka 1890. Alikuwa akichora pazia za jukwaani. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Utah, Joseph McKnight, alimlipia aende kusoma Paris, naye kwa shukrani akalichukua jina la McKnight akaliweka katikati ya lake. Vita vilipoanza 1914 akakimbilia London. Hana kazi, hana mtu. Pick akampa mabango ya kwanza 1915, ya mandhari za nje ya mji: misitu ya Oxhey, vilima vya North Downs. Kufika mwisho alikuwa amemchorea mabango zaidi ya mia.

Kwa nini yeye? Tazama lile la 1922 la Makumbusho ya London. Anatangaza historia ya mji. Mchoraji mwingine angechora jengo, au mfalme. Yeye kachora Moto Mkubwa wa 1666, ndimi za moto zimepanda bango zima kama meno ya msumeno, rangi chache, na mji mdogo chini unateketea. Unapita mbio kuwahi treni, linakushika shingo. Au yale ya mauzo ya punguzo la bei ya majira ya baridi, miaka ya 1920: watu wamekuwa vipande vya rangi tu, upepo, mvua, miavuli imeinama, hata uso hakuna. Maana yake ni kwamba juu kuna balaa, shuka chini upande treni hadi dukani. Kuna mabwana walilalamika kwamba michoro kama ile haieleweki. Pick akaendelea kuinunua.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui: wasanii wale walikuwa wanapata ukuta. Mchoraji wa mambo mapya London wakati ule angeonyesha kazi yake kwenye jumba dogo, watu mia mbili waliovaa vizuri wakaiona. Kwenye stesheni anaonwa na karani, fundi, mama muuza samaki, kila siku, bure.

Wengine nitapita haraka. Alfred Leete, yule yule aliyechora Lord Kitchener akinyoosha kidole kuwaita vijana vitani 1914, mwaka 1927 alichora umati unavutwa kuingia stesheni kama vumbi la chuma kwenye sumaku. Horace Taylor 1924 alichora watu wa rangi zote za nguo wakishuka kwa ngazi za umeme, bango linang'aa kama sherehe. Man Ray, ndiyo, yule wa picha za ajabu za Paris, mwaka 1938 alitoa mabango mawili ya kuwekwa pamoja: moja sayari ya Zohali na pete zake, la pili lile duara la treni likiwa limegeuzwa sayari. Hilo nalo halina treni hata moja!

Mwanamwema wa Makunduchi

Na wanawake? Au walikuwa wanachorwa tu wakiwa wameshika maua?

Wino Mweusi

Walikuwepo, tena wengi kuliko sehemu nyingi za kazi za wakati ule. Dora Batty, dada wawili Anna na Doris Zinkeisen, Mabel Lucie Attwell, Laura Knight, Margaret Calkin James. Sababu moja nadhani ni kwamba bango lilinunuliwa kazi kwa kazi, hakuna mtu wa kukuambia huwezi kuajiriwa. Makumbusho ya usafiri ya London yaliwafanyia maonyesho yao maalumu 2017. Na kuna mabango ya michezo ya miaka ya 1930, Wimbledon, mbio za farasi Epsom, yamesainiwa Andrew Power. Hakuna mtu huyo. Ni Sybil Andrews na Cyril Power, wawili waliokuwa na chumba kimoja cha kazi, wakaunganisha majina.

Mtoto wa Chumbageni

Wakuu, mimi niko Chicago mwaka wa ngapi sijui, na hapa ndipo uzi unapogeuka kisa cha watu kupishana njiani.

Mwenye uzi kasema Yerkes alitoka Chicago kwenda London. Ni kweli, na kabla ya kuondoka aliacha ule mzunguko wa treni za juu unaozunguka katikati ya mji, uliokamilika 1897. Tunaupanda mpaka leo, unapiga kelele mpaka unasahau ulichokuwa unafikiria. Sasa kuna mtu aliyepita njia ya kinyume. Samuel Insull, mzaliwa wa London, 1859. Alikuja Marekani 1881 kuwa katibu wa Thomas Edison, akafika Chicago 1892 kuendesha kampuni ya umeme, na kwa kuwa treni ndizo zilizokula umeme mwingi kuliko mteja yeyote, mwishowe akazishika na treni zenyewe. Za juu za mjini, ile ya North Shore inayopanda kuelekea Milwaukee, na kuanzia 1925 ile ya South Shore inayozunguka ziwa kuingia Indiana.

Basi kwenye miaka ya 1920 kampuni zake zikaanza kutoa mabango kwa mfano ule ule wa London. Jumba jipya la Field Museum lilifunguliwa 1921 ufukweni, likapata mabango. Lincoln Park na wanyama wake, mabango. Muziki wa Ravinia, mechi za mpira wa Kimarekani za chuo cha Notre Dame, vilima vya mchanga vya Indiana, yote "kwa treni zetu". Wachoraji kama Willard Frederic Elmes, Oscar Rabe Hanson na Leslie Ragan, ambaye baadaye alichorea reli ya New York Central mabango ambayo watu wanayapenda kupita kiasi.

Na huyo Kauffer mnayemsifia? Alipita hapa hapa. Alisoma kidogo chuo cha sanaa cha hapa, Art Institute, akaona maonyesho makubwa ya sanaa mpya kutoka Ulaya yalipofika Chicago 1913, akaondoka zake.

Tofauti ninayoiona mimi: ya London yana utani, yanakudhihaki kidogo. Ya Chicago yana jua. Bluu ya ziwa, rangi ya machungwa, majani ya vuli, mwanamke na kofia yake mchangani. Mji ulikuwa mweusi kwa moshi wa makaa na damu ya machinjio. Mtu anayetoka kwenye moshi ule akiona bluu ile ukutani, mbona lazima Jumamosi apande.

Insull mwisho wake haukuwa mzuri. Himaya yake ilianguka 1932, wenye hisa wadogo wakafilisika, akakimbilia Ugiriki, akarudishwa, mahakama ikamwachia 1934. Alifariki Julai 1938, moyo ulisimama akiwa kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, Paris.

Kinu cha Mbao

Duh. Yaani kafia stesheni?

Mtoto wa Chumbageni

Stesheni kabisa ndugu yangu.

Bi Mkubwa wa Forodhani

Niwaharibie shughuli kidogo wanangu. Mnasifia tu. Mwaka 1924 mabango hayo hayo yalikuwa yanawapeleka watu Wembley kwenye Maonyesho ya Dola ya Uingereza. Yalidumu misimu miwili, 1924 na 1925, watu milioni 27 waliingia. Afrika Mashariki ilikuwa na jengo lake pale. Watu wetu na ufundi wao vilipangwa vitazamwe, tiketi ya treni ikiwa ni sehemu ya starehe. Yule yule Pick mnayempigia makofi aliuza safari ya kwenda kututazama sisi, kwa rangi nzuri na herufi nzuri. Bango zuri linaweza kuuza chochote, na hilo mwenye uzi hajalisema.

Wino Mweusi

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenena, na sina la kutetea. Reli ile ilinufaika sana na Wembley, ilikuwa ni riziki ya misimu miwili mizima. Nikiyatazama mabango ya Wembley kama mchapaji naona kazi safi. Nikiyatazama kama mtu wa Dar tumbo linakaza. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mzee wa Relwe

Bi Mkubwa umenikumbusha bango la kwetu wenyewe. Reli ya Uganda, ile ya Mombasa hadi ziwani iliyofika Kisumu Desemba 1901, nayo ilitoa bango miaka ile ile Pick alipokuwa anaanza. Linatangaza nyanda za juu za Afrika Mashariki ya Kiingereza kuwa makazi ya majira ya baridi kwa watu wa ukoo bora, na kwamba mabehewa ya kutazamia yanapita katikati ya hifadhi kubwa kuliko zote duniani ya wanyama. Kuna simba, kuna twiga. Mwenyeji hakuna, ila labda wa kubeba mzigo.

Linganisheni. London mtu anauziwa safari ya senti chache aende Jumapili arudi jioni. Huku reli imejengwa kwa kodi na jasho, watu wamekufa Tsavo, na bango halimuoni mtu wa Voi wala wa Makindu kama abiria. Linaongea na lodi aliyekaa Uingereza. Ustadi unafanana, aliyealikwa ndiye tofauti.

Jogoo la Shamba

Tuache siasa. Nani anajua bei? Nimeona moja mtandaoni la bustani ya wanyama linauzwa kama la 1920s, muuzaji yuko Ulaya. Nitajuaje si feki?

Wino Mweusi

Hapa sasa ni nyumbani kwangu, niache niseme kwa kirefu.

Mabango yale yalichapwa kwa mawe au mabamba ya zinki, kila rangi na jiwe lake. Mchoraji analeta mchoro wa rangi ya maji, halafu mafundi wa kiwandani, ambao majina yao hayajulikani, wanauchora upya kwa mkono, rangi kwa rangi, ukiwa kinyume. Karatasi inapita mashineni mara moja kwa kila rangi, na kila safari lazima ikae palepale, ikisogea hata nusu milimita pua inaenda kwenye shavu. Kwa hiyo mchoraji mwenye akili alipunguza rangi na kutumia maeneo makubwa yasiyo na kivuli. Urahisi ule mnaousifia, nusu yake ni bajeti.

Sasa mambo ya kutazama. Kwanza ukubwa. Bango la kawaida la stesheni lilikuwa inchi 25 kwa 40, la kulala lilikuwa 50 kwa 40. Ukikuta la ukubwa wa karatasi ya A3, ni nakala, hata kama muuzaji ana mvi na miwani. Pili, chini kabisa mengi yana mstari mdogo wenye jina la kiwanda: Johnson Riddle, Waterlow, Baynard Press, Dangerfield, Vincent Brooks Day. Mara nyingi kuna na namba za idadi iliyochapwa na tarehe. Nakala za sasa mara nyingi mstari huo umekatwa, au mahali pake kuna jina la makumbusho. Tatu, na hii ndiyo inayokata mzizi wa fitina: chukua lenzi ya mchapaji, ile tunayokagulia picha. Ukiona vitone vidogo vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga, hiyo ni ofseti, uchapaji wa kisasa wa mashine, au printa ya juzi. La zamani litakuonyesha rangi iliyojaa, au chembechembe kama za chaki iliyopita juu ya jiwe.

Picha ya mtandaoni haikupi hata moja kati ya hayo, isipokuwa vipimo. Mwombe muuzaji picha ya karibu ya kona ya chini. Akigoma, hifadhi hela yako.

Kama unataka kutazama tu, makumbusho yao yako Covent Garden, London, na yana mabango zaidi ya 5,000. Mengi yameshawekwa kwenye tovuti yao, unayaona bure.

Jogoo la Shamba

Amegoma tayari. Ahsante mkuu.

Kinu cha Mbao

Waliacha lini kutoa hayo mabango? Au bado?

Wino Mweusi

Pick aliondoka 1940, akafariki 1941. Baada ya vita yakaendelea lakini kwa kupungua, magari binafsi yakaingia, televisheni ikaingia. Bado kuna vito vya baadaye. Abram Games, 1976, bango la bustani ya wanyama: chui-milia aliyejengwa kwa vipande vya lile duara la treni, unamwona mnyama kwanza, reli baadaye. Na 1986 lile la jumba la sanaa la Tate, bomba la rangi ya mchoraji linakamuliwa na rangi inayotoka ni ile ramani ya njia za treni. Hilo liliuzwa sana hata kuliko ya wazee.

Tena nisisahau ramani ya MacDonald Gill ya 1914. Hiyo haikutangaza sehemu moja, ilitangaza mji mzima kwa utani. Kila mtaa una kichekesho chake. Pale bustani ya wanyama ndege mkubwa anamla mtoto, na mtoto analalamika kwamba alimwahidi mama angefika nyumbani kabla ya chai ya saa kumi na moja. Watu walisimama kuisoma hadi treni zikawaacha.

Dereva wa Kangemi

Hapa Nairobi sisi tuko kinyume kabisa. Matatu yenyewe ndiyo bango. Mchoro wa mwanamuziki, mcheza mpira, taa, muziki, na watu wanasubiri ile kali wanaacha ile imechoka, hata kama zote zinaenda Rongai. Hakuna anayeuza Rongai! Gari linajiuza lenyewe. Na hela inaingia. Kwa hiyo hiyo sheria ya huyo Pick ya kuficha gari, mbona huku haifanyi kazi?

Kondakta Mstaafu

Kwa sababu matatu zinashindania abiria mmoja kwenye barabara moja. Pick hakuwa na mshindani ndani ya handaki. Yeye mpinzani wake alikuwa mtu kubaki nyumbani.

Dereva wa Kangemi

Hapo umeniweza mzee.

Mwanamwema wa Makunduchi

Sasa na hapo Dar? Kuna mwendokasi tangu 2016, kuna vituo vizuri, kuta zipo. Mbona hakuna bango la kumwambia mtu wa Kimara Jumapili ashuke Kivukoni aende Makumbusho ya Taifa, au avuke kwa pantoni ale samaki Kigamboni?

Kinu cha Mbao

Dada, bango la nini wakati ndani hakuna pa kukanyaga? Mimi nikiona bango linaniambia nipande zaidi nitalia.

Wino Mweusi

Kinu, saa moja asubuhi una haki ya kulia. Ila Pick hakumlenga wa saa moja asubuhi. Huyo atapanda tu, apende asipende. Alimlenga wa Jumapili saa tano, mama na watoto wawili ambao hawajui waende wapi. Na sisi mjini hapa vya kuonyesha tunavyo, tumezoea kuvipita. Sanamu ya Askari ya 1927. Soko la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli, lile paa la zege lililopanuka juu kama miavuli. Lile paa, wakuu, limeshachorwa tayari! Maeneo makubwa, mistari michache, kivuli kikali cha saa sita. Kauffer angelimaliza kwa rangi tatu.

Mzee wa Relwe

Chora basi. Na safari hii umuweke mwenyeji.

Wino Mweusi

Nachora. Rangi nne, inchi 25 kwa 40, jina la kituo chini kwa herufi ndogo, na muuza viungo wa Kariakoo mbele kabisa. Mwenye picha safi ya paa lile kutoka ghorofani anitumie PM, za barabarani ninazo za kutosha na zote zina nguzo ya umeme katikati.

Kinu cha Mbao

Usiweke basi. Nakuangalia.